Wiki Mbili Muizenberg: Tathmini ya Safari ya Kujitolea kwa Watoto wa Mawimbini

Sisi tuliokulia Shangani, hapa Mtwara, tumezoea bahari ya upole. Ndiyo maana nilipowaambia nyumbani kwamba nimelipia, kwa fedha za korosho za msimu uliopita, wiki mbili za kwenda Afrika Kusini kuwasaidia watoto wajifunze kusimama juu ya ubao na kuteleza mawimbini, mjomba aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya.

Kazi ilikuwa Muizenberg, pembezoni mwa Cape Town, ambako wimbi huja refu na la taratibu, likawafaa wanaoanza. Kwa upande wa usalama waandaaji wanastahili sifa kamili. Kila asubuhi, kabla ya yeyote kukanyaga maji, tulikumbushwa bendera za walinzi wanaotazama papa kutoka mlimani: ya kijani ni shwari, nyeusi ina maana kwamba maji hayaonekani vizuri, nyekundu ni tahadhari kwa sababu papa ameonekana karibuni, na nyeupe yenye picha ya papa, ikifuatana na king'ora, ni amri ya kutoka majini. Walikataza pia kuwapiga watoto picha, jambo lililowaudhi baadhi ya wenzangu lakini lililonipendeza mimi.

Kila mtoto alikuwa na wasaidizi wawili, mmoja akishika mkia wa ubao, mwingine akisubiri mbele pale mtoto atakapoangukia. Huwezi kuifanya kazi hiyo katika maji ya Septemba, yanayokaribia nyuzi 15, meno yakigongana ndani ya vazi zito la mpira, kisha ukabaki mgeni kwa mwenzako. Mwenzangu alikuwa kijana wa Mueda, Msumbiji, na siku ya kwanza tulisumbuka kwa Kiingereza cha kuokoteza, hadi wimbi lilipompiga kifuani akaguta kwa Kimakonde. Nilimjibu kwa Kimakonde. Tuliangua kicheko, ubao ukatuponyoka, na mtoto aliyelala juu yake akafika ufukweni peke yake, akiwa amesimama kwa mara ya kwanza. Baadaye kijana huyo wa Mueda aliniambia kwamba bibi yake aliishi Newala wakati wa vita vya ukombozi, na tangu hapo aliniita shemeji, kwa hoja ambayo sikuielewa wala sikuipinga.

Hafla za jioni, ambazo tangazo lilizisifia kuliko kitu kingine chochote, ndizo zilizoniangusha. Tulikalishwa kwenye duara, tukatakiwa kujieleza kwa Kiingereza, na waliokimudu wakazungumza wao kwa wao mpaka usiku. Urafiki niliorudi nao ulianzia majini, ukaendelea jikoni tulipokuwa tukiosha vyombo, mahali ambapo hapakuwa na ratiba yoyote. Malazi yalikuwa safi, chakula kilitosha.

Gharama ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, lakini Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi, na hilo linapunguza usumbufu. Nitakwenda tena, ila nitaomba zamu ya jikoni badala ya hafla. Atakayetoka huku abebe korosho za kutosha. Mimi nilibeba kilo 2, na siku ya tatu nilikuwa nakung'uta mfuko.