Bog ya Kidenmark na bok ya Kinorwei

Yote mawili maana yake ni kitabu, na chimbuko ni moja: bók ya Kinorsi cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia), nomino ya kike. Wingi nao karibu ule ule, bøger na bøker, o ikigeuka ø. Tofauti iko kwenye "kile kitabu", maana katika lugha hizi alama ya "kile" hubandikwa mwishoni mwa neno. Kidenmark sanifu kiliunganisha jinsia ya kiume na ya kike, basi ni bogen tu. Kinorwei kina aina mbili sanifu za maandishi, Bokmål na Nynorsk. Bokmål inaruhusu boken au boka. Nynorsk hushika boka. Kwa kuandika, Kidenmark ni rahisi zaidi. Kwa kusikiliza, afadhali Kinorwei: k yake husikika wazi, ilhali g ya Wadenmark imeyeyuka ikawa kama u.