Tahadhari: anayeuza "kidhibiti kimoja cha nyumba nzima" kwa pampu za joto

Ndugu zangu mnaoishi Portland, Lewiston na miji ya jirani hapa jimbo la Maine, Marekani, nawatahadharisha juu ya muuzaji anayepita majumbani akinadi kifaa ambacho, kwa maelezo yake, hufungwa kwenye mtambo wa nje wa pampu ya joto (mashine ya umeme inayopasha nyumba joto na kuipoza) na kukuwezesha kuamuru kila chumba peke yake kwa simu. Mwezi Novemba nilimlipa dola 1,140. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu yamekwisha kufika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, lakini mbinu zake nitazieleza zote.

Amechagua mahali pazuri pa kuwindia. Jimbo hili lilitimiza lengo lake la pampu za joto 100,000 mwaka 2023, miaka miwili kabla ya wakati, na wengi wetu tunaishi katika nyumba zenye mtambo mmoja nje na vichwa vitatu au vinne ukutani, yaani mashine za ndani zinazopuliza hewa vyumbani. Tulikotoka, mashine ya ukutani, kwa aliyekuwa nayo, ilikuwa ya kupoza tu, kwa hiyo mtu akija na maneno ya kitaalamu kuhusu kupasha joto tunamsikiliza kama daktari. Isitoshe, Kiswahili anakimudu. Alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo kabla hajavua viatu, akakubali chai, kisha akatuonyesha video ya nyumba ambayo sebule inapashwa joto huku chumba cha kulala kikipozwa, vyote kwa mtambo mmoja wa nje.

Hapo ndipo ningepaswa kumsindikiza mlangoni. Katika mitambo ya kawaida ya nyumbani, mtambo wa nje una vali moja inayogeuza mwelekeo wa gesi: ama nyumba nzima inapashwa joto, ama nyumba nzima inapozwa. Kichwa kimoja kikiwa kwenye joto na kingine kikaamriwa kupoza, hicho cha pili husubiri tu, taa yake ikimetameta. Ipo mitambo mikubwa ya maofisi na hoteli inayoweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, lakini ina mabomba na visanduku vya kugawa gesi ambavyo huwezi kuvipata kwa kubandika kifaa nje.

Siku tatu za mwanzo nilidhani mambo ni mazuri, kwa sababu sebule ilitii. Chumba cha mama mkwe ndicho kilichomuumbua muuzaji. Programu ilionyesha nyuzi 70 za Fahrenheit na alama ya feni inayozunguka, nami nimesimama chini ya kichwa kile, mkono juu, sihisi hata pumzi ya upepo. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya sweta na hakusema neno, jambo ambalo lilinichoma kuliko angelalamika. Nikarudi sebuleni, nikakifunika kwa kitambaa cha jikoni kile kisanduku cheupe alichokiweka pale, ambacho ndicho kifaa chenyewe, na sebule nayo ikaacha kutii. Kumbe kilikuwa rimoti tu ya miale ya infraredi inayoamriwa kwa Wi-Fi, na miale hiyo haipenyi ukuta. Tena ni mawasiliano ya upande mmoja: kifaa kinapiga amri, hakipati jibu, kisha programu inakuonyesha kile ulichoomba kana kwamba kimetendeka.

Kuhusu waya alioupitisha hadi mtambo wa nje, nilimwita fundi mwenye leseni aje afungue kifuniko. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi na kukunjwa nyuma ya bati, haikuunganishwa na chochote. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halikuwa na mbuzi.

Kudhibiti vichwa vingi kupitia mfumo wa nyumba kunawezekana kabisa, ila kwa njia nyingine. Mashine zangu ni za Mitsubishi Electric, na ndani ya kila kichwa mna soketi ya pini tano iitwayo CN105, yenye volti 12, volti 5, waya wa ardhi na nyaya mbili za data. Kibao kidogo cha kielektroniki chenye Wi-Fi kiitwacho ESP32 kikiunganishwa hapo, kikawekewa programu ya kukiendesha iitwayo ESPHome, huongea na Home Assistant, programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, na kichwa hujibu hali yake halisi. Kila kichwa kinahitaji kibao chake. Vyangu vitatu pamoja na nyaya havikufika dola 60. Ukijaribu, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, kwani volti 12 zikiingia kwenye pini isiyo yake kibao kinaungua. Na hata hivyo vali inabaki moja, na kichwa ulichokizima wakati wa kupasha joto huendelea kupitisha gesi kidogo, hivyo chumba kitaendelea kupata joto kidogo.

Muuzaji huyu pia aliniwekea ratiba ya kuwasha na kuzima kila baada ya dakika chache, akiita "kubana matumizi". Pampu hizi zimetengenezwa ziende polepole kwa muda mrefu, na kuzikatakata namna hiyo kunaichosha kompresa na kuongeza bili. Vilevile aliandikisha akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na kuchukua neno la siri la ruta yangu. Kama alikwisha kufika kwako, libadilishe leo.

Sheria ya serikali kuu inakuruhusu kuvunja ununuzi wa dola 25 au zaidi uliofanyika nyumbani kwako, hadi saa sita usiku wa siku ya tatu ya kazi, na muuzaji hulazimika kukupa nakala mbili za fomu ya kughairi. Mimi sikupewa hata moja. Aliniambia tu "tuonane baada ya wiki mbili", na sasa naelewa kwa nini. Alikataa kadi ya mkopo akataka Zelle, huduma ya kutuma fedha moja kwa moja kutoka benki hadi benki, na benki imeniambia kuwa fedha niliyoituma kwa hiari yangu hairudi kirahisi. Ahadi yake kwamba ningerudishiwa asilimia 30 ya bei kupitia nafuu ya kodi nayo ni uongo: nafuu ile ilihusu pampu yenyewe, si rimoti, na ilifungwa kwa vitu vilivyowekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025.

Wiki iliyopita rafiki aliyeko Lewiston amenitumia picha ya kisanduku cheupe alicholetewa, chapa yake ikiwa imekwanguliwa kwa kisu kama kile changu. Bei sasa ni dola 1,300.