Koilova za gari la chini: nimezipanga kwa barabara zetu

Wakuu, wenye Mark X, Altezza, Crown na Subaru mlioshusha au mnaotaka kushusha, swali ni lile lile kila siku, nifunge koilova gani, yani ile shokapu na springi zilizounganishwa ambazo unarekebisha urefu wake. Wengi wanaanzia kwenye jina la kampuni, au wameona picha ya gari la mtu limelala mpaka rimu imezama kwenye fenda basi wanataka hivo hivo, wakati cha kujiuliza kwanza ni njia ya mwisho ya kufika kwako ikoje. Bagamoyo Road unaimudu vizuri tu ukiwa chini, ila ukikata kona kuingia Goba ndani ndani au vichochoro vya Kigamboni, vumbi na makorongo, hapo ndo utajua ulinunua shokapu au ulinunua mapambo.

Kwa hiyo mi nimezipanga kwa mambo matatu: mwendo wa shokapu (nafasi ya kubonyea) unaobaki ukishashusha, kama abiria wa nyuma wanavumilia, na kama moja ikivuja unapata hiyo moja peke yake bila kununua seti nzima. Kliki za ugumu, yani zile hatua za kuzungusha kukaza au kulainisha shokapu, sijazipa uzito, mana ukikaa na gari mwezi mmoja utakuta unatumia mbili tatu tu nyingine zote zipo zipo.

Kitu ambacho wauzaji wengi hawakwambii ni kwamba koilova ziko za aina mbili. Kuna zile ambazo ukitaka kushusha unateremsha kikalio cha springi kwenye nyuzi za mwili wa shokapu, basi. Ukiteremsha sana fimbo (ile nondo inayoingia na kutoka kwenye shokapu) inakuwa imeshaingia ndani, mwendo umebaki kidogo, kila tuta linakugongesha kwenye raba ya mwisho, na ukipiga jeki unakuta springi inachezacheza imelegea. Alafu kuna zile ambazo mguu wa chini ndo unarekebishwa, yani mwili wote wa shokapu unazungushwa unazama kwenye mguu, springi hujaigusa, na mwendo wa shokapu unabaki ule ule. Hapo kitakachogonga kwanza ni tairi na fenda, hilo unalipima mapema. Kwa gari la chini kweli kweli tafuta hii ya pili, hii ya kwanza ni ya mtu anayeshusha sentimita mbili tatu akaridhika.

Namba moja kwangu ni Tein Flex Z ya Mjapani. Mguu wa chini unarekebishwa, kliki 16, na ndani ni bomba mbili, sio bomba moja lenye gesi ya presha kubwa, kwa hiyo kwenye mashimo madogo madogo haikurushi sana. Mwili umepakwa dawa ya kutu, na kwa sisi wa pwani chumvi ya bahari haina utani, nyuzi zikishika kutu hiyo koilova hairekebishiki tena umebaki na shokapu ya kawaida ya bei mbaya. Ubaya wake haifunguliwi, imezibwa kiwandani, ikivuja unaagiza shokapu moja mpya. Mi naona ni afadhali, mafundi wa kufungua shokapu za aina hii na kuijaza mafuta sahihi na gesi sio wengi huku. Tein wana na mota zao za EDFC za kubadili ugumu ukiwa umekaa kwenye usukani, tamu ila sio lazima.

Namba mbili BC Racing BR, Taiwan. Hii ndo utaisikia sana kwa watu wa Subaru, Bongo na Kenya. Bomba moja, kliki 30, mguu unarekebishwa, vipuri vinauzwa kimoja kimoja na inafunguliwa. Nje inaanzia kama dola 1,000 na kitu, kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo ukiuziwa mpya kwa bei ya kutupa jiulize mara mbili. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukiagiza unaweza kuchagua uzito wa springi, na hapo ndo watu wanalala. Springi imeandikwa kilo kwa milimita, ukikuta 8 mbele na 6 nyuma ujue kila milimita moja ya kubonyea inataka kilo nane, kwa lami ya mbio safi, kwa matuta ya Morogoro Road utalia. Omba laini zaidi.

Shida ya BR ni mauntingi ya juu, nyingi zinakuja na pilobolu, yani chuma kwa chuma badala ya raba. Usukani unajibu haraka, sawa, ila vumbi likiingia zinaanza kulia ngo ngo ngo na fundi ataanza kukubadilishia stabilaiza linki na bushi ambazo hazina kosa. Alafu ile sahani ya juu ya kurekebisha kemba (tairi kuinamia ndani au nje) ina maana kwa Impreza na Forester mbele, kwenye Mark X na Altezza mbele ni mikono miwili (mmoja juu mmoja chini ndo imeshika tairi), kemba hairekebishwi pale juu, kwa hiyo asikuuzie kwa sifa hiyo.

Wenye Golf na BMW nyie ni KW V1 au Bilstein B14, zote Mjerumani. Hazina kliki hata moja, ugumu umepangwa kiwandani, na kwa mtu asiyeenda kwenye mashindano hiyo ni faida. KW mwili wake ni chuma kisichoshika kutu. Ukiwa na hela zaidi kuna V3, unarekebisha fimbo ikiingia na ikitoka kila moja kivyake, ila kama hujui unachofanya utaliharibu gari kwa mikono yako.

Namba tatu ni used za Japani, hizi za Gerezani hapa Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi: HKS, Cusco, Tein za zamani. Unaweza kuokota dhahabu, unaweza kuokota chuma chakavu. Futa fimbo kwa kitambaa cheupe, mafuta yakionekana achana nayo. Ibonyeze mpaka mwisho uiachie, ikirudi kwa kushtuka katikati imeisha. Zungusha ringi zote pale pale dukani kwa ile spana ya ndoano, muuzaji akisema "itafunguka tu ukipaka dizeli" mwambie aipake yeye kwanza ndo ulipe. Na soma namba ya chesisi: Mark X GRX120 na GRX125 kwa macho ni gari moja ila 125 ni 4WD, mbele kuna ekseli inapita, shokapu haziingiliani. Impreza ya GD, ile ya kabla ya 2007, nyuma ni strati (shokapu yenyewe ndo inashika tairi kwa juu), kuanzia zile za 2007 kwenda juu nyuma ni mikono miwili. Hela nyingi zinapotea hapo.

Za Mchina za bei chee nimeziweka mwisho. Zipo zinazodumu, sikatai, lakini seti mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kabisa na ikivuja moja hamna wa kumuuliza. Kwa hela hiyo bora springi zilizotengenezwa fupi kiwandani pamoja na shokapu za KYB za bluu, unashuka sm 3 hivi na unaishi kwa amani. Kukata springi kwa grenda sikupi namba, acha.

Ukishapata, pima kabla ya kufungua: katikati ya tairi mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, andika. Fundi akifunga, nati za mikono yenye bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, zikikazwa likiwa kwenye jeki bushi inakaa imejikunja muda wote na itachanika mapema. Wili alaimenti usiipige siku hiyo hiyo ukadhani umemaliza, springi mpya zinakaa kidogo, endesha wiki mbili, pima tena zile kona nne, sawazisha, ndo uende alaimenti, la sivyo tairi zinaliwa upande wa ndani na hutaona mpaka waya zitokeze. Taa za mbele nazo zirekebishwe, likishuka sawasawa mwanga unakuja karibu, likishuka nyuma zaidi unawapofua wenzako.