Kadi ya bima ya afya niliyopewa kazini: miezi 14 ya kuitumia Lubumbashi

Tangu mwajiri wangu alipoacha kutulipia matibabu moja kwa moja na kutukabidhi kwa kampuni ya bima, ninatembea na kadi ya kijani yenye picha yangu mbele, na majina ya mke wangu na watoto wetu 4 nyuma. Imetimia miezi 14 sasa. Tumeitumia mara 19: malaria, meno, shinikizo la damu la mama watoto, mkono wa kijana wetu aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, na upasuaji mmoja. Mara 18 sina la kulalamikia, lakini nitaieleza zaidi ile mara moja iliyobaki, kwa kuwa ndiyo iliyonionyesha kadi hii imetengenezwa kwa namna gani. Kampuni siitaji jina, wala kliniki, kwani majirani wenye kadi za rangi nyingine wamenisimulia mambo yanayofanana na haya.

Kwa magonjwa ya kila siku huduma ni nzuri. Unatoa kadi dirishani, wanaandika namba, unatia sahihi kwenye fomu yenye nakala 3, unalipa asilimia 20 iliyo juu yako, unaondoka na dawa. Mtu aliyekulia katika mji huu, ambamo mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, alitibiwa katika hospitali ya kampuni kwa sababu tu ya kazi ya baba yake, huenda asione jambo jipya hapo. Sisi wengine, tuliozoea kuweka fedha za dhamana mezani kabla daktari hajainua kichwa, tunaona ni nafuu kubwa.

Shida iko kwenye kibali cha awali. Mkataba unasema kwamba kulazwa, upasuaji, skana, miwani na meno bandia havilipiwi mpaka kampuni ikubali kwanza. Daktari anaandika maombi, kliniki inayatuma, daktari mshauri wa kampuni anayasoma, kisha inarudi karatasi ambayo huku kwetu tunaiita kwa Kifaransa bon. Asiye na bon anahesabiwa kama mteja wa barabarani: alipe au arudi nyumbani. Kanuni yenyewe siipingi. Najua kadi huazimwa shemeji na binamu, na najua pia kwamba zipo kliniki ambazo, zikishaona kadi, hazikuruhusu kutoka bila vipimo 2 au 3 ambavyo hukuvihitaji. Anayelipa ana haki ya kuuliza, ila naye lazima awe na muda wa kujibu.

Jumanne moja, saa 2 asubuhi, daktari wa upasuaji alitazama ekografia (ultrasound) ya mke wangu, akaona mawe kwenye kibofu cha nyongo, akaandika kwamba afanyiwe upasuaji ndani ya wiki hiyo. Mama wa mapokezi aliyapiga picha maombi kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akayatuma kwa WhatsApp Kinshasa. Hapo kuna jambo dogo ambalo waliotunga utaratibu huu hawakulifikiria: saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa 1, hivyo tulipokuwa tumeketi kwenye benchi tukingoja, huko ilikuwa saa 1 na ofisi bado imefungwa. Kila nilipolikaribia dirisha, mama alinigeuzia simu nione mwenyewe. “Baba, tiki bado za kijivu.” Saa 8 mchana zikawa za buluu, na halikufuata neno lolote.

Jumatano waliomba ripoti ya ekografia, ambayo ilikuwa picha ya pili kati ya picha 2 walizotumiwa. Ikatumwa tena. Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa jioni ulifika mstari mmoja wa Kifaransa uliosema kwamba tendo hilo halijathibitika kuwa la lazima kwa hatua hii, bila jina, bila sahihi, bila kueleza ni dalili gani iliyokosekana. Daktari wetu aliusoma mara 2, akauliza aliyeandika ni mpasuaji au ni daktari wa macho. Nilicheka kwa adabu tu, lakini baadaye niliona kuwa ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa wiki hiyo.

Usiku wa Jumamosi homa ilipanda na maumivu yakazidi, tukaingia kliniki kwa mlango wa dharura. Kifungu cha dharura kinaruhusu matibabu yaanze kwanza na taarifa itolewe ndani ya saa 48; hata hivyo mhasibu wa zamu alitaka dola 400 za dhamana, na shemeji yangu akazileta saa 7 usiku akiwa amevaa kandambili. Mke wangu alipasuliwa Jumapili. Bon ilifika Jumanne, siku 7 baada ya maombi, ikiwa na mhuri mzuri wa duara. Badala ya siku 2 alilala kliniki siku 5, na gharama ya siku hizo 3 za ziada iliangukia kampuni ile ile iliyokuwa ikichelewesha ili kuokoa fedha.

Tangu hapo nimesoma jinsi wenzetu wanavyoifunga kamba hatua hii, hasa Marekani, ambako ugomvi wa kibali cha awali ni wa miaka mingi na mabunge ya majimbo yameuingilia. Texas ilipitisha sheria mwaka 2021 iliyomwondolea kibali daktari ambaye, katika kipindi cha miezi 6, angalau asilimia 90 ya maombi yake ya huduma fulani yalikubaliwa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: ikiwa mtu huyu unamkubalia karibu kila mara, kumsimamisha mlangoni ni kumpotezea muda mgonjwa wake. Serikali kuu nayo ilitoa kanuni Januari 2024 kwa mipango kama Medicare Advantage (bima ya wazee inayoendeshwa na kampuni binafsi) na Medicaid (ya wenye kipato kidogo): kuanzia 2026 jibu la dharura litolewe ndani ya saa 72, la kawaida ndani ya siku 7, na anayekataliwa aelezwe sababu mahususi. Kwa kipimo hicho, ule mstari wetu wa Ijumaa usingepita.

Huko pia kuna tundu kwenye wavu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayoitwa ERISA inazuia sheria za bima za majimbo zisiwafikie waajiri wanaobeba gharama za matibabu wenyewe na kuikodi kampuni ya bima ishughulikie makaratasi tu. Watu 2 wanaweza kuwa na kadi zinazofanana, mmoja akalindwa na sheria ya jimbo lake na mwingine asilindwe. Nilipofika hapo niliacha kusoma, nikaenda kuuliza ofisi ya wafanyakazi kazini kwetu: hatari ya ugonjwa wangu inabebwa na kampuni iliyo kwenye kadi, au na mwajiri? Karani alilazimika kumpigia simu mkubwa wake. Kumbe kwetu ni bima kamili, mwajiri analipa ada na kampuni inabeba hatari, lakini mkataba ni wa hao wawili. Mimi naitwa mnufaika, na hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wake.

Nchini mwetu msingi wa sheria upo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba wa SONAS, shirika la bima la serikali, na kuweka kanuni za bima, ARCA ikawekwa Kinshasa kusimamia na kudhibiti kampuni, na leseni za kampuni binafsi zikaanza kutolewa mwaka 2019. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake, na kununua kadi hakumwondolei wajibu huo. Lakini mkataba wangu, ambao hatimaye niliusoma wote, una kurasa 22 na hauna neno moja kuhusu muda wa kujibu maombi ya kibali. Mimi nimepewa saa 48 za kutoa taarifa ya dharura. Kampuni haikujiwekea hata saa 1. Ndiyo maana ningependa msimamizi wa serikali alazimishe kila mkataba wa afya uandike muda wa kujibu, sababu ya kukataa, na jina na fani ya daktari aliyekataa, kwa maana mwajiri anayetafuta ada ya chini hatayadai hayo kwa niaba yangu.

Alama ninazoipa: 4 kati ya 5 kwa malaria, meno na dawa za kila mwezi, 1 kwa kila kinachohitaji bon. Anayetaka kadi ya aina hii kwa familia yenye watoto wadogo aichukue bila wasiwasi. Aliye na upasuaji unaojulikana mbele yake aombe kwanza kifungu cha kibali akisome kwa macho yake, ajiwekee nakala za ripoti kwenye simu yake mwenyewe, na maombi yafike kliniki mapema wiki, si Ijumaa. Mwezi wa 12 mwajiri wetu atajadili upya mkataba. Nimeshaiandikia ofisi ya wafanyakazi nikiomba waongeze mstari mmoja, saa 72, na karani ameipokea barua yangu na kuigonga mhuri.