Fundi wa televisheni, Darajani

Nilimpelekea fundi mmoja wa Darajani televisheni yangu ya zamani pamoja na kifaa cha kutazamia filamu za mtandaoni, ambacho kila kikichomekwa kilionesha nembo, kikajizima na kuanza upya. Hakukimbilia kuniuzia kingine: aliuhamisha waya wa umeme kutoka tundu la USB 2.0 la televisheni, ambalo kwa kawaida hutoa ampea 0.5 tu, akautia kwenye adapta ya ampea 1, nacho kikatulia. Filamu za 4K, yaani za ubora wa juu sana wa picha, bado zilitoa kioo cheusi, kwa kuwa tundu la HDMI la televisheni, linalopokea picha, halina HDCP 2.2, yaani kinga ya kuzuia kunakili ambayo filamu hizo huidai, akashusha ubora hadi 1080p, zikacheza. Adapta aliniuzia ghali kidogo, na foleni ya jioni pale, kwa kweli, haina mpangilio.