Darsa la subira za mitume hapa Wete: maalim mzuri, spika mbovu

Asalaam alaykum, wengi mmeniuliza kuhusu lile darsa la vijana baina ya magharibi na isha, kama linafaa kupeleka watoto. Linafaa, tena sana, ila yapo mambo.

Kilichonikamata mie ni siku ya Nabii Nuh (a.s.). Sote tumekariri chuoni tangu wadogo kuwa kawalingania watu wake miaka 950, imo Suratul Ankabut, na tukaishia hapo hapo tukadhani subira ni kukaa tu na kuvumilia. Maalim kawapeleka vijana kwenye Surat Nuh yenyewe, pale anapomshtakia Mola wake, kalingania usiku na mchana, kalingania kwa sauti, kisha kwa siri, na wenzake wanatia vidole masikioni na kujifunika nguo zao. Akauliza, mmeona anavobadilisha njia? Kitoto kimoja cha mbele kikajibu "lakini waliziba tu maalim", watu wakacheka na yeye akacheka, akasema ndo hapo, Nuh kazi yake kufikisha, masikio ni yao. Halafu akatugeukia wazee: na wewe mwanao yuleyule, neno lilelile, bakora ileile tangu darasa la kwanza, hiyo unaiita subira? Baba mmoja ukutani alikuwa anachokonoa mkeka mpaka isha ikaadhiniwa lol.

Nabii Yunus nae kamueleza vizuri, kwamba kaondoka kwa hasira, samaki akammeza, kaomba msamaha na bado akarejeshwa kazini, kwa watu laki moja au zaidi. Kwa kijana alokwisha kuharibu hilo ni kubwa kuliko mawaidha mia.

Sasa lawama. Siku ya Nabii Ayyub alikuja maalim mgeni, muda wote anasimulia funza tu mwilini mwa Ayyub, watoto wanakunja nyuso, wakati Qur'ani haikutaja funza hata mmoja. Imetaja dua yake, na kwenye Surat Swaad kaambiwa apige mguu chini yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa, yani hata mgonjwa alipewa cha kufanya! Hapo ndo palikuwa na somo la tabia, na pakapitwa mbio. Ulul-azmi watano, yani mitume wenye azma kubwa, pia walitajwa majina tu kama orodha ya duka.

Kitini cha elfu moja msinunue, fotokopi imekata aya pembeni. Na upande wetu wanawake spika inakoroma, umeme ukikatika ndo basi tena, mnasikia vicheko vya wanaume hamjui wanacheka nini. Tumeshasema, tunaambiwa inshallah.

Mie watoto wangu wanaendelea. Akina mama nendeni mapema mkae dirishani upande wa kibla, pale sauti ya maalim inafika bila spika, na mpige simu muulize kama anasomesha yeye au mgeni.