Mlango wa ofisi: kitasa cha kuzamisha au kile cha duara?

Jamani kama mlango unafunguliwa siku nzima na wateja, mi nasema zamisha kitasa, yaani boksi lake lote liingie ndani ya unene wa mlango. Cha duara, kile chenye kishikio cha mviringo, ni rahisi kweli, unatoboa tundu la milimita 54 usoni na dogo la 25 ubavuni, unafunga skrubu umemaliza. Ila ulimi wake mmoja, ule unaoingia kwenye fremu, ni mfupi, na kile kidude cha kuzungusha kikilegea ndo basi tena.

Cha kuzamisha kazi ipo. Mlango uwe wa mbao ngumu, unene milimita 44 hivi, unapima vizuri, unatoboa matundu yaliyofuatana kwa drili halafu unasafisha kwa patasi kali taratibu mpaka boksi la kitasa liingie bila kugongwa nyundo, maana ukichimba kupitiliza mlango wenyewe umeudhoofisha na hapo ndo mafundi wengi wanaharibu, inauma sana ukiona mninga mzuri umepasuliwa hivyo. Na silinda, pale funguo inapoingia, isichomoze nje zaidi ya milimita 3, mwizi asipate pa kubana na koleo. Funguo ikipotea unabadilisha silinda tu.

Stoo ya ndani wekeni cha duara, inatosha.